Kinu cha Mlima Amba: wanafunzi waliofundishwa nyuklia wakakatazwa kuuliza

Tarehe 6 mwezi wa sita mwaka wa 1959, kinu cha nyuklia kiliwashwa ndani ya Chuo Kikuu cha Lovanium, juu ya Mlima Amba, pembeni mwa mji ulioitwa wakati ule Léopoldville, leo Kinshasa. Kilikuwa kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika nzima. Tarehe 4 mwezi wa sita mwaka wa 1969, miaka kumi kasoro siku mbili, wanafunzi wa chuo hicho hicho walishuka mlimani kwenda kudai haki zao mjini. Askari waliwapiga risasi.

Matukio hayo mawili kwa kawaida husimuliwa mbalimbali. La kwanza liko katika habari za sayansi, la pili katika habari za siasa. Lakini chuo ni kimoja, na swali ni moja: nani ana haki ya kujua, na akishajua, ana haki ya kusema?

Ili kuelewa kwa nini kinu kililetwa Kongo, lazima kurudi Katanga, karibu na mji wa Likasi, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Hapo ndipo lilipo shimo la Shinkolobwe. Madini yake yaligunduliwa mwaka wa 1915, na kampuni ya Union Minière ikayachimba kwanza kwa ajili ya radiamu, iliyokuwa na bei kubwa sana hospitalini. Urani iliyokuwa ndani ya mawe hayo hayo haikuwa na wanunuzi wengi.

Mambo yalibadilika na vita vya pili vya dunia. Mwaka wa 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe New York. Mwezi wa tisa 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, kisha likaagiza mengine. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika kazi ya mabomu ya mwaka wa 1945 ilitoka Kongo. Baba na babu waliochimba, waliochagua mawe kwa mikono na kuyajaza katika magunia hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini, wala vumbi lake linaweza kuufanyia nini mwili wa mtu.

Baada ya vita, Ubelgiji na Marekani zilianza kuzungumza juu ya nyuklia ya amani: umeme, dawa, kilimo. Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka wa 1954, chini ya uongozi wa Monsinyori Luc Gillon, padri wa Kibelgiji aliyekuwa pia mtaalamu wa fizikia ya nyuklia. Yeye ndiye aliyesukuma sana chuo kipate kinu chake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: nchi iliyotoa urani kwa dunia nayo ipate chombo cha kujifunzia.

Kinu kilicholetwa ni cha aina iitwayo TRIGA. Historia ya aina hiyo inawahusu wanafunzi moja kwa moja. Mwaka wa 1956, huko San Diego, Marekani, kundi la wataalamu, pamoja na Edward Teller na Freeman Dyson, lilijipa kazi ya kubuni kinu ambacho hata kikiwa mikononi mwa vijana wa shule hakitaleta hatari. Walitengeneza mafuta ya urani yaliyochanganywa na zirkoni na hidrojeni. Mafuta hayo yakipata joto kupita kiasi, nguvu ya kinu inashuka yenyewe, hata kama hakuna mtu wa kubonyeza kitu. Ni kama sufuria ambayo, maji yakitaka kumwagika, inapunguza moto wake yenyewe.

Cha Kinshasa kiliitwa TRICO, maana yake TRIGA ya Kongo. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50. Hakikutoa umeme wa kuwasha mji. Kilitumika kufundisha, kufanya utafiti, na kutengeneza vitu vyenye mionzi vinavyotumiwa katika dawa na kilimo. Kiliwashwa miezi mitano baada ya machafuko ya tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959 mjini humo, na mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30. Nchi ilikuwa na kinu cha nyuklia kabla ya kuwa na wahandisi wake wa kutosha wa kujenga daraja.

Katika miaka ya 1960 wanafunzi waliongezeka, na maswali yakaongezeka nao. Walitaka kushiriki katika uongozi wa chuo, masomo yaangalie mahitaji ya Wakongomani, na pesa za masomo ziongezwe. Hawakuona kwa nini mtu aaminiwe kukaa mbele ya kinu cha nyuklia lakini asiaminiwe kukaa katika kikao cha chuo chake.

Jibu lilikuja tarehe 4 mwezi wa sita 1969. Makumi ya wanafunzi waliuawa. Serikali ya Mobutu ilikubali idadi ndogo zaidi, na familia nyingi hazikupewa miili ya watoto wao kuizika. Miaka miwili baadaye, mwezi wa sita 1971, wanafunzi walitaka kuwakumbuka wenzao. Mobutu aliamuru wanafunzi wa Lovanium waingizwe jeshini kwa nguvu. Mwezi wa nane wa mwaka huo chuo kilichukuliwa na serikali na kuunganishwa na vingine kuwa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Zaire.

Wakati huo kinu kipya kilikuwa kinatayarishwa. TRICO ya kwanza ilikuwa imezimwa mwaka wa 1970. TRICO ya pili, yenye nguvu ya megawati moja, mara ishirini ya ile ya kwanza, iliwashwa mwezi wa tatu 1972. Kwa hiyo chombo kilikuzwa, na sauti ya watu waliopaswa kukitumia ilipunguzwa. Matokeo yalionekana baadaye. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za mafuta ya kinu ziliibiwa. Moja ilikamatwa Italia mwaka wa 1998, mikononi mwa wahalifu. Nyingine haijapatikana.

Mwaka wa 2004 mwanzo na mwisho wa habari hii vilikutana. Mwaka huo TRICO ya pili ilisimama. Mwaka huo huo, huko Shinkolobwe, ambako kampuni ilikuwa imefunga shimo tangu 1960, wachimbaji wa mkono walikuwa wanatafuta kobalti na shaba. Serikali ilikuwa imekataza kazi hiyo mwezi wa kwanza. Mwezi wa saba udongo uliporomoka, watu wakafa. Wakaaji wa kijiji cha wachimbaji walifukuzwa, nyumba zao zikabomolewa. Familia zinazojua maana ya kuhama bila kupanga hazihitaji kuelezwa siku hiyo ilikuwaje.

Wachimbaji wa 2004 walikuwa katika giza lile lile la wachimbaji wa 1942. Kati ya miaka hiyo nchi ilikuwa na vinu viwili na wataalamu wake, lakini habari ya mionzi haikuteremka kutoka Mlima Amba hadi kwa mama anayeosha mawe mtoni.

Marekani, kila mwaka, wanafunzi wa chuo kimoja hupokea wenzao kwa mkutano wa wanafunzi wa Shirika la Nyuklia la nchi hiyo. Wanafunzi wenyewe ndio wanaoandaa: kutafuta ukumbi na wafadhili, kupanga nani aeleze utafiti wake saa ngapi, kuita wataalamu waje wasikilize na kuuliza. Kijana anasimama mbele ya wakubwa wa kazi yake, anaonyesha hesabu zake, anakosolewa, anajibu. Anarudi nyumbani akijua kwamba kuuliza ni sehemu ya kazi, si uasi.

Mkutano kama huo si anasa kwa nchi yenye urani ardhini na kinu kilichosimama katika mji wake mkuu. Mafuta yaliyotumika hayamalizi hatari yake siku kinu kinapozimwa. Lazima yalindwe na kupimwa miaka mingi, na watu wanaojua kazi hiyo wanazeeka. Warithi wao wako katika shule za leo, pamoja na watoto wanaosomea chini ya turubai za kambi kwa sababu vita imefunga madarasa yao. Mwalimu wa fizikia anayeendelea kufundisha huko kambini, ubao ukiegemezwa kwenye mti, yuko katika kazi ile ile iliyoanzishwa Mlima Amba mwaka wa 1959. Kilichokosekana wakati ule si mashine. Ni ruhusa ya mwanafunzi kunyosha mkono, kuuliza, na kurudi nyumbani akiwa mzima.