Kutoka Wembe hadi Kibodi: Historia ya Kukata Sauti Ikitazamwa kutoka Gisenyi

Mji wa Gisenyi umepakana na Goma, na mawimbi ya FM huvuka mpaka bila kibali. Radio Okapi, iliyoanzishwa Kongo mwaka 2002, hutangaza kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Neno likikatwa vibaya studioni upande mmoja, huwafikia wasikilizaji wa pande zote mbili. Insha hii inaonesha kuwa historia ya uhariri wa sauti ni historia ya kupunguza hatua, na kwamba hatua moja haifai kupunguzwa.

Enzi za utepe wa sumaku, mhariri alikata kwa wembe. Utepe ukienda kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, silabi iliyochukua moja ya tano ya sekunde ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 4. Mhariri alizungusha utepe kwa mkono, akasikiliza, akatia alama kwa penseli, akakata kwa mshazari, kisha akaunga kwa gandi.

Katika miaka ya 1970, Larry Tesler na wenzake wa Xerox PARC, Marekani, walibuni amri za kukata na kubandika maandishi. Baadaye amri hizo zilihamia kwenye sauti. Audacity, iliyotolewa bure mwaka 2000, hukata kwa Ctrl+X. REAPER ilikwenda mbali zaidi: mtumiaji huunganisha amri kadhaa, kama vile kugawa sauti, kufuta kipande na kuziba pengo, kisha akazipa kitufe kimoja.

Faida ni muda. Hasara ni kwamba sikio limeachwa nyuma. Ondoa silabi moja katika "si kweli", inabaki "kweli". Utepe uliacha kiungo kinachoonekana kwa macho. Mkato wa kompyuta uliofanywa vizuri hausikiki. Kwa Rwanda jambo hili si dogo: rekodi za RTLM zilikuwa ushahidi katika kesi ya vyombo vya habari mjini Arusha, iliyohukumiwa Desemba 2003. Rekodi ni kumbukumbu ya taifa.

Kwa hiyo wanafunzi wanaojifunza uhariri wazikubali njia hizi za mkato, ila amri ya mwisho katika kila mfuatano iwe kurudi nyuma sekunde mbili na kucheza sauti. Faili halisi nalo lihifadhiwe bila kuguswa.