Kibiongo na Mipindo Mingine ya Mgongo: Historia ya Istilahi

Mfasiri aliyekabidhiwa karatasi ya ridhaa ya upasuaji hukutana mapema na tatizo. Karatasi husema juu ya nguzo ya mifupa ya mgongo, na juu ya neva kuu ipitayo ndani yake. Na Kiswahili cha kila siku huviita vyote viwili uti wa mgongo. Mzazi akisoma kwamba daktari atanyosha uti wa mgongo wa mwanawe, na kwamba uti wa mgongo waweza kudhurika, atakuwa ameridhia nini? Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno ya fani hii yalivyotengana kadiri tiba zilivyotengana.

Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alibainisha mipindo mitatu: skoliosi, uendao upande; kifosi, utokezao nyuma; na lodosi, ubonyeao ndani, hasa kiunoni. Neno letu kibiongo lahusu huo wa pili tu, tena humtaja mtu pamoja na hali yake. Jina la fani yenyewe, othopedia, lilitungwa na Mfaransa Nicolas Andry mwaka 1741 kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja la unyofu na jingine la mtoto. Kitabuni mwake mna mchoro wa mti uliopinda, umefungwa kamba kwenye kigingi. Asemaye samaki mkunje angali mbichi hahitaji kuelezwa mchoro huo.

Mwaka 1779 Percivall Pott wa London alieleza kibiongo kiambatanacho na kupooza miguu. Kumbe hicho kilikuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho kijidudu chake Robert Koch alikitambulisha mwaka 1882. Hapa ndipo jina lilipoanza kuwa jambo la uhai. Majaribio yaliyoanza katika miaka ya 1960 huko Korea, Hong Kong na Rhodesia ya wakati huo yalithibitisha kwamba wengi wa wagonjwa hao hupona kwa dawa, bila kulazwa miezi mingi wala kupasuliwa. Basi anayeandika "kibiongo" pasipo kutaja chanzo aweza kumpeleka mgonjwa wa dawa kwenye kisu, au kumwacha nyumbani kana kwamba ni maumbile yasiyo na tiba.

Skoliosi ina historia nyingine. Russell Hibbs wa New York alianza mwaka 1911 kuunganisha pingili ili ziote kuwa mfupa mmoja, kwanza kwa ajili ya kifua kikuu, kisha kwa skoliosi. Mwaka 1948 John Cobb alieleza namna ya kupima mpindo kwa nyuzi katika picha ya eksirei. Leo usiofika nyuzi 10 hauitwi skoliosi. Mwaka 1962 Paul Harrington wa Houston, aliyewatibu watoto wengi waliopinda kwa sababu ya polio, alitangaza fimbo yake ya chuma. Ilinyosha kweli, lakini mara nyingi iliondoa na mbonyeo wa asili wa kiuno. Maana mgongo mnyofu kabisa nao ni kilema.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa Marekani na Kanada, ulimaliza ubishi wa zamani juu ya vazi gumu la kushikilia kiwiliwili. Kati ya vijana waliolivaa, asilimia 72 walimaliza kukua bila mpindo kufika nyuzi 50. Kati ya walioangaliwa tu, asilimia 48. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kamba ifungwayo kwenye pingili upande uliotokeza, ili ukuaji wenyewe unyoshe mgongo. Kamba hiyo haiunganishi pingili. Kwa hiyo mfasiri atumiaye "kuunganisha" kwa tiba zote mbili atakuwa amemdanganya mzazi.

Rai yetu ni hii: kibiongo kibaki kwa kifosi, nacho kitajwe pamoja na chanzo chake, skoliosi iitwe mpindo wa upande, uti wa mgongo uachiwe mifupa, na neva kuu iitwe ugwe mgongo, kama baadhi ya vitabu vya biolojia viandikavyo. Tunajua kwamba jina homa ya uti wa mgongo limekwisha kuota mizizi, wala hatudai ling'olewe. Lakini katika karatasi ya ridhaa, ugwe mgongo uandikwe, na kando yake maelezo mafupi: neva kuu ipelekayo nguvu miguuni.