Kulabu na Sindano: Mishono Miwili ya Kutch

Kutch, nchi kavu iliyoko ukingoni mwa magharibi ya Gujarat, ina sifa ya udarizi tangu zamani. Familia nyingi zilizovuka bahari kutoka huko na kuweka makazi Afrika Mashariki bado zimehifadhi kitambaa kimoja au viwili vya asili hiyo: torani inayotundikwa juu ya mlango, pambo la ukutani, au blauzi ya harusi ya bibi aliyekwisha kututoka. Mgeni akivitazama huona maua, kasuku na tausi, akadhani kwamba vyote ni kazi ya aina moja. Kumbe vimetoka katika mikono miwili, yenye zana mbili na historia mbili.

Mshono wenyewe ni mmoja. Ni mshono wa mnyororo, ambapo kila kitanzi cha uzi huchomoza ndani ya kitanzi kilichotangulia. Tofauti iko katika namna ya kukitoa kitanzi hicho. Anayetumia sindano huchoma kitambaa, huibua ncha mbele kidogo, hulaza uzi chini ya ncha hiyo, kisha huuvuta uzi wote upite. Kitanzi kinachofuata humdai auvute wote tena. Kwa sababu hiyo hawezi kutunga uzi mrefu sana, na kila unapokwisha hana budi kuufunga na kuanza mwingine.

Zana ya pili huitwa ari. Ni kulabu nyembamba yenye mpini wa mti, ndugu wa maharazi ya mshona viatu. Kitambaa huwambwa juu ya fremu, na uzi hukaa chini yake ukiongozwa na mkono wa kushoto. Mkono wa kulia huchoma kutoka juu, kulabu hunasa uzi na kupandisha kitanzi tu. Uzi uliobaki hutulia chini ukingoja zamu yake. Kazi huenda kwa kasi, vitanzi huwa vidogo na sawasawa, na mstari waweza kusafiri mbali bila kukatika. Ndiyo maana mjuzi hupenda kugeuza kitambaa: upande wa nyuma, kazi ya sindano huonyesha ncha nyingi za nyuzi zilizofungwa, na ya kulabu huonyesha chache.

Si ajabu kwamba kulabu ilikuwa mali ya Wamochi, jamii ya mafundi wa ngozi. Simulizi za Kutch husema kwamba walifundishwa ufundi huo na fakiri mmoja wa Kiislamu kutoka Sindh. Kutoka kwenye ngozi, kulabu ilihamia kwenye satini na hariri. Wamochi wa Bhuj walidarizi kwa malipo, wakawashonea watawala na matajiri, na mikononi mwao zilitoka pia pichwai, yaani pazia zinazotundikwa nyuma ya sanamu ya Shrinathji katika mahekalu ya Wavaishnava. Bidhaa za Gujarat za mshono huu zilifika mbali. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini London, lina mapazia ya namna hiyo yaliyotengenezwa takriban mwaka 1700 kwa wateja wa Uingereza. Katika karne ya 18 Wazungu nao walijifunza kulabu kutoka Mashariki. Wafaransa wakauita mshono huo tambour, yaani ngoma, kwa kuwa kitambaa kiliwambwa kama ngozi ya ngoma. Mwaka 1830 Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya cherehani iliyotumia sindano ya kulabu na kushona mnyororo uleule.

Sindano, kwa upande wake, haikuwa na soko wala tajiri. Miongoni mwa Warabari, wafugaji wa ngamia, mbuzi na kondoo, ilikuwa kazi ya wanawake wenyewe. Walichora kwa mshono wa mnyororo mahekalu, miembe, nge na wanawake wenye mitungi kichwani, kisha wakapachika vioo vidogo vya duara, pembetatu na mraba. Msichana alidarizi nguo atakazokwenda nazo kwa mumewe, na saa zake hazikuandikwa katika daftari la mtu yeyote.

Hapo ndipo mishono hii miwili ilipopata mwisho tofauti. Kazi ya Wamochi ilitegemea mnunuzi. Mashine za kudarizi mnyororo zilipoenea, na dola ya watawala wa Kutch ilipounganishwa na India mwaka 1948, mnunuzi huyo alitoweka, na mafundi wengi wakaiacha kulabu. Kazi ya wanawake wa Kirabari ilielemewa na thamani yake yenyewe. Nguo zilizodaiwa kwa harusi ziliongezeka hata mabibi harusi wakachelewa miaka kwenda kwa waume zao. Mwaka 1995 wazee wa Warabari wa tawi la Dhebaria walipiga marufuku udarizi huo katika jamii yao. Wengi wakageukia riboni na mapambo ya dukani yanayoshonwa kwa cherehani.

Hata hivyo uzi haukukatika kabisa. Shirika la Shrujan, lililoanzishwa na Chandaben Shroff mwaka 1969, na Kala Raksha, lililoanzishwa mwaka 1993, yaliwapa wanawake wa Kutch malipo kwa sindano zao. Saa zilizokuwa hazihesabiwi zikaanza kuhesabiwa.

Jirani yetu aliyewahi kuona kofia ya viua ikishonwa kwa mkono anaelewa jambo hili bila kuelezwa zaidi, kwani anajua bei ya subira. Nasi tunaorithi vitambaa vya Kutch tuna wajibu mwepesi. Kabla ya kukitoa kitambaa kikuukuu kwa sababu rangi imepauka, tukigeuze tukitazame nyuma. Mistari mirefu isiyokatika itatuambia kwamba pengine fundi alilipwa. Vifundo vingi vitatuambia kwamba huenda alikuwa msichana aliyejishonea harusi yake. Na kama bado yupo mzee nyumbani anayekumbuka jina la msichana huyo, tumuulize leo, tuliandike kwenye kipande cha karatasi, tukihifadhi pamoja na kitambaa.