Wino wa Mafuta ya Samaki

Tandika, kando ya soko, kuna mzee anayechonga mihuri. Wenzake wengi sasa wana mashine. Yeye bado ana wembe, kipande cha mpira na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Anakata jina kinyume, kisha analiweka mbele ya kioo aone kama linasomeka. Nilimpelekea kazi ya muhuri wa kikundi chetu cha mtaa, nikajikuta namsimulia habari za watu waliochonga kama yeye, wakiwa kizuizini, miaka zaidi ya 80 iliyopita.

Nilianza na kisiwa cha jirani. Bahari hii inayopiga Kigamboni ndiyo inayopiga Morisi, na huko, tarehe 26 Desemba 1940, meli mbili za Kiholanzi, Johan de Witt na Nieuw Zeeland, zilishusha Wayahudi wapatao 1,580. Walikuwa wameikimbia Vienna, Prague na Danzig kabla Wanazi hawajawamaliza. Walishuka kwa mto Danube, wakapanda meli moja kuukuu iliyoitwa Atlantic, wakafika Haifa mwezi Novemba. Waingereza waliokuwa wakiitawala Palestina wakasema hawana vibali. Siku moja tu baada ya meli yao kufika, nyingine iliyoitwa Patria, iliyokuwa ikiwakusanya wakimbizi wa kupelekwa uhamishoni, ilizama pale pale bandarini na kuua zaidi ya watu 250. Bomu lilitegwa na Haganah, wapiganaji wa Kiyahudi, waliotaka kuiharibu isiweze kusafiri. Abiria wa Atlantic wakaondolewa Haifa wiki chache baadaye.

Kule Morisi walipelekwa gereza la Beau Bassin. Wanaume waliingizwa kwenye seli za mawe, wanawake na watoto kwenye mabanda ya mabati, na ukuta kati ya mume na mke. Hawakuwa wamemwibia mtu. Malaria na homa ya matumbo ziliwaandama, na zaidi ya 120 wakazikwa katika makaburi ya Saint Martin. Walikaa humo hadi Agosti 1945, karibu miaka mitano.

Na ndani ya miaka hiyo walifanya kazi za sanaa. Wachoraji wawili, Peretz Beda Mayer na Fritz Haendel, waliyachora maisha ya kambini. Mpiga piano aliyejulikana kama Papa Haas aliongoza bendi iliyojiita Beau Bassin Boys. Fikiria jina hilo. Mtu aliyefungwa bila hatia amelichukua jina la gereza lake akalifanya jina la bendi ya dansi. Huwa nalirudia rohoni, na kila mara linanigusa upya.

Mzee alisikiliza huku akikata. Kisha akauliza swali la fundi: "Sasa mwanangu, hao watu wamefungwa, wino waliutoa wapi?"

Jibu nililokuwa nalo lilitoka kambi nyingine. Mwaka ule ule wa 1940, Uingereza iliwakamata maelfu ya Wajerumani na Waaustria waliokuwa wamekimbilia kwake, wengi wao Wayahudi, kwa hofu kwamba kati yao wamo majasusi. Katika kambi ya Hutchinson, kwenye kisiwa cha Man, wachoraji waling'oa linoleamu sakafuni wakaichonga kama muhuri, wakaipitisha na karatasi kwenye mashine ya kukamulia nguo. Rangi waliipata kwa kusaga tofali na kuchanganya vumbi lake na mafuta ya samaki wa kopo. Madirisha ya nyumba zao yalipakwa rangi ya buluu ili ndege za adui zisione taa. Hellmuth Weissenborn alichukua wembe akaikwangua rangi hiyo kwa michoro, na jua lilipochomoza, picha zikawaka.

"Wembe kama huu," mzee akasema, akauinua.

Nikamwambia na la tatu, zito kuliko yote. Terezín, karibu na Prague, ilikuwa kambi ya Wanazi wenyewe. Humo mwalimu Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto kuchora, akisisitiza kila mmoja aandike jina lake kwenye kazi yake, mahali ambapo binadamu walihesabiwa kwa namba. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Masanduku mawili ya michoro ya wanafunzi wake, ipatayo 4,500, yalifichwa yakapona. Watoto wengi walioichora hawakupona.

Wale wa Morisi walikuwa na bahati tofauti. Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha, wengi wao walipanda meli ya Franconia wakarudi Haifa, safari hii kwa ruhusa. Kisiwani yalibaki makaburi ya Saint Martin, na mwaka 2014 kikafunguliwa hapo kituo cha kumbukumbu. Nimesoma magazeti ya hapa tangu utotoni na sikuwahi kukutana na habari zao. Watu 1,580 walifungwa ng'ambo ya maji yetu, nasi tunaijua vita ile kwa simulizi za askari wetu waliopigana Burma peke yake.

Mzee alipuliza vumbi la mpira, akauelekeza muhuri kwenye kioo. Hakunipa. Alichukua kipande kingine kitupu, akanisogezea pamoja na wembe.

"Andika jina la mmoja wao," akasema. "Anza na herufi ya mwisho."

Nikaanza na R ya Mayer. Niliikata vibaya, akanishika mkono, akanigeuzia mpira.