Chimbuko la uimbaji wa Siti binti Saad

Siti binti Saad, aliyekuwa mwimbaji wa taarabu mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata 1880. Wazazi wake walikuwa watumwa, naye akapewa jina la Mtumwa. Siti ni jina alilolipata ukubwani, baada ya kuhamia mjini.

Malezi ya kwanza ya sauti yake yalitokana na kazi. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akaurithi ufundi huo, akawa anapeleka vyungu mjini kuviuza. Mchuuzi wa kutembeza hunadi mali yake kwa mwito wa kuimbia, na husimuliwa kwamba mwito wa Siti ulimtangulia, watu wakamtambua kabla hajatokeza. Kunadi huko kulimpa pumzi ndefu na matamshi yanayosikika vizuri pasipo ala.

Taarabu wakati huo ilikuwa burudani ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala 1870–1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri, na inaelezwa kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, alimfundisha kuimba kwa kufuata ala na kutamka Kiarabu. Alijifunza pia kusoma Kurani, usomaji unaotaka kila herufi itoke mahali pake na sauti ivutwe kwa kipimo.

Mambo hayo yote Siti na wenzake wa kundi lake la muziki waliyatia katika Kiswahili. Muziki ulibaki na udi na fidla, lakini habari zilitoka mitaani, hasa Ng'ambo walikoishi watu wa hali ya chini. Wimbo wa “Kijiti”, kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke ambapo muuaji alitoroka na mashahidi wakafungwa.

Mwaka 1928 kundi hilo lilikwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Santuri hizo ziliuzwa pwani na bara, na taarabu ya Kiswahili ikapata wasikilizaji ambao ile ya Kiarabu haikuwafikia. Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, akaendelea kuziimba nyimbo zake hadi uzeeni.