Miaka Iliyorudi Kondele

Mwambie kondakta wa matatu akushushe Russia, naye atajua ni wapi: Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, hapa Kondele, Kisumu. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Siku Mzee Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua, tarehe 25 Oktoba 1969, yeye na Jaramogi, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, walirushiana maneno hadharani, risasi zikalia na raia wakauawa.

Kazi ya hospitali ni kurefusha umri; siku hizi hiyo ni mada ya matajiri. Mwaka 2013 Google ilianzisha kampuni ya Calico ili kuchunguza uzee. Lakini wakazi wa Nyanza, eneo la hospitali hii, walilijua suala hilo mapema, kwa uchungu. Karibu na mwaka 1990, Mkenya alitarajiwa kuishi miaka inayokaribia 60. Kufikia 2000 umri huo ulikuwa umeporomoka hadi 50 na kitu. Ukimwi ulikuwa ukiwachukua wazazi vijana, na Nyanza iliumia kuliko mikoa mingine. Wengi waliuita chira, ugonjwa wa kukondesha unaompata aliyevunja mwiko, wakahangaika na manyasi, dawa ya mitishamba, badala ya kupima damu.

Tumaini la kwanza la tiba lilitoka Nairobi. Mwaka 1990 taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI ilitangaza Kemron, dozi ndogo ya interferoni ya kumumunya mdomoni, na Rais Moi mwenyewe akaizindua. Nchi ilishangilia. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha faida yoyote. Siwalaumu watafiti wetu kwa kujaribu. Kosa lilikuwa kutangaza tiba kabla ya kuwalinganisha waliotumia dawa na wasiotumia. Waliokufa wakiitegemea hawakupata nafasi ya pili.

Dawa za ARV zenye nguvu, za kuzuia virusi vya Ukimwi, zilikuwapo tangu 1996, ila kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuzitoa kwa dola 350. Kampuni kubwa za dawa zilipiga kelele kuhusu hataza zao. Mwaka huohuo Bunge letu likapitisha sheria ya kuruhusu dawa za bei nafuu ziingizwe nchini. Kwangu mimi, hicho ndicho kitendo kikubwa zaidi cha kurefusha maisha ambacho Kenya imewahi kufanya, na kilifanyika kwa kura.

Dawa zilipofika, watu walianza kurudi kwenye miili yao. Mama aliyebebwa mgongoni hadi kliniki alionekana tena sokoni na beseni lake la omena. Kopo la vidonge alilijaza pamba, lisicheze kwenye mkoba na jirani akasikia. Waliosemwa hawamalizi mwaka sasa wanalea wajukuu.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, iliyogharamia sehemu ya dawa hizo, na wagonjwa wakashikwa na hofu ya kukosa dawa. Dawa hizi humezwa kila siku, maisha yote. Zikikatika, virusi huamka. Serikali ya kitaifa na ya kaunti ziziweke kwenye bajeti zetu wenyewe, mwaka huu, si ujao.