Makanisa ya Gusii katika masuala ya jamii na siasa

Makanisa ya Gusii ni madhehebu ya Kikristo yaliyoenea katika kaunti za Kisii na Nyamira, kusini-magharibi mwa Kenya, ambako wengi wa wakazi ni Abagusii. Makubwa ni mawili: Kanisa la Waadventista Wasabato na Kanisa Katoliki. Walutheri ni wachache lakini wana mizizi ya tangu 1948, na Wapentekoste wa matawi mengi wameongezeka kwa kasi, hasa mijini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, lakini haikuwatengea Waadventista safu yao, kwa hiyo ukubwa wa kanisa hilo hujulikana zaidi kwa kutazama milango ya maduka yaliyofungwa siku ya Jumamosi kuliko kwa takwimu za serikali.

Mgusii hupiga kura kwa kufuata zaidi ukoo na eneo: Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Bobasi, Machoge na Bonchari. Dhehebu halina nguvu kubwa mbele ya debe. Nguvu yake huonekana katika siku ya kupumzika, tohara, ndoa na kaburi, na ni katika mambo hayo makanisa ya Gusii yamegongana na dola, na mila, na yenyewe kwa yenyewe.

Chanzo

Waingereza waliitiisha Gusii kwa mabavu mwaka 1905 na tena 1908, baada ya kijana Otenyo, aliyechochewa na nabii wa kike Moraa, kumchoma mkuki ofisa G. A. S. Northcote. Wamisionari walifuata nyuma ya bunduki, na wenyeji hawakulisahau hilo upesi. Mapadre wa shirika la Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911. Waadventista walikuwa wamefika Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906 wakiongozwa na Mkanada Arthur Carscallen, na mwaka 1912 wakapanda hadi Nyanchwa. Vituo hivyo viwili viko jirani na mji wa Kisii, na ushindani kati yao ulianza mapema.

Imani ya kwanza kuzungumza siasa waziwazi, hata hivyo, haikuwa ya Kikristo. Mwaka 1913 huko Alego, Onyango Dunde alitangaza ujumbe wa Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani, aliyeahidi kwamba Wazungu wangeondoka na dini yao ilikuwa bure. Ujumbe huo ulipokewa Gusii kwa hamu. Waingereza na Wajerumani walipopigana Kisii Septemba 1914, watu walivamia mji na misheni wakapora. Viongozi kadhaa wa Mumbo walihamishiwa Lamu mwaka 1921. Misheni zote mbili hazikuichukua nafasi hiyo ya kuipinga serikali kwa jina la dini, kwa sababu zilikuwa zikijenga shule na zilihitaji kibali na ruzuku.

Shule ndizo zilizogawa ramani. Mzazi alimpeleka mtoto kwenye darasa lililokuwa karibu, mtoto akabatizwa huko, na kizazi kilichofuata kikajiita cha kanisa hilo. Ndiyo maana hadi leo mlima mmoja unaweza kuwa wa Wakatoliki na wa pili, ng'ambo ya kijito, wa Wasabato, ilhali watu ni wa mbari moja. Neno walilotumia wote kwa Mungu, Nyasae, ndilo wanalotumia pia majirani Wajaluo; jina la kale, Engoro, lilirudi nyuma.

Dayosisi ya Kisii iliundwa 1960, askofu wake wa kwanza akiwa Maurice Otunga, aliyekuja kuwa kadinali wa kwanza wa Kenya mwaka 1973. Wakati huo dayosisi ilifika hadi ziwani, na ilikuwa ndani ya mipaka yake ambapo kundi la Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko lilijitenga mwaka 1963 na kuwa Legio Maria, mojawapo ya mifarakano mikubwa ya Ukatoliki barani Afrika. Legio ilishika zaidi upande wa Wajaluo. Gusii iliigusa kidogo tu.

Sabato na dola

Ijumaa alasiri katika boma la Kiadventista ina haraka yake. Maji huchotwa, majani ya ng'ombe hukatwa ya siku mbili, sukuma wiki hukatwakatwa, viatu vya watoto hupakwa rangi na kuanikwa ukutani. Jua likizama kazi hukoma hadi jua la Jumamosi lizame. Ng'ombe hukamuliwa, maana mnyama hangoji, lakini jembe halishikwi. Asubuhi barabara za Nyamira hujaa watu wanaotembea na Biblia na kitabu cha *Nyimbo za Kristo*.

Utaratibu huo wa nyumbani umekuwa suala la katiba. Shule nyingi za bweni Kenya hufundisha au hufanya mitihani Jumamosi, na wanafunzi Waadventista walioomba ruhusa waliadhibiwa au kufukuzwa. Kanisa lilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikaikataa hoja yake, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliikubali rufaa na kusema kuwa shule zina wajibu wa kuwapa wanafunzi hao nafasi ya kuabudu. Hapa Waadventista wanasimama mahali ambapo makanisa mengine ya Kenya hayasimami kwa urahisi. Wao walio wachache kitaifa hudai utengano wa kanisa na serikali, kwa hofu ya kale kwamba siku moja dola italazimisha watu wote kuabudu Jumapili. Mkatoliki wa Nyabururu kwa miaka mingi hakuona tatizo Rais akihutubia baada ya misa. Msabato wa Nyanchwa, angalau kwa mafundisho, analiona.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Jaji David Maraga, mzaliwa wa Nyamira na mzee wa kanisa. Alipohojiwa mwaka 2016 kwa nafasi ya Jaji Mkuu, aliulizwa angefanya nini kesi ya urais ikiangukia Jumamosi, kwa kuwa katiba inaipa mahakama siku 14 tu. Alijibu kwamba ingekuwa vigumu sana kwake kuketi Sabato na kwamba angepanga na wenzake. Mwaka uliofuata kesi ikaja kweli. Kikao cha maandalizi kiliitishwa Jumamosi tarehe 26 Agosti, saa 1 usiku, jua likiwa limezama. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais, jambo lililokuwa halijatokea Afrika. Kwa watu wengi wa nyumbani kwake, saa ile ya jioni ilikuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kushika ofisi ya juu kabisa ya sheria bila kuiacha imani yake mlangoni.

Tohara

Hakuna suala lililoyashinda makanisa ya Gusii kama tohara ya wasichana. Wamisionari waliihubiria vita tangu awali, Waadventista na Walutheri kwa ukali zaidi, na bado uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2008–09 ulikuta asilimia 96 ya wanawake wa Kigusii wamekeketwa. Ule wa 2014 ulikuta 84, na wa 2022 asilimia 77. Takwimu hizi haziwezi kusomwa bila kukiri jambo zito: karibu wote hao walikuwa Wakristo waliobatizwa, na mama zao waliketi kwenye viti vya mbele kanisani.

Sababu ni kwamba makanisa yaliikataza sherehe yakaacha maana yake. Msichana asiyetahiriwa alihesabiwa mtoto, hata akizaa. Zamani msimu wa Desemba ulikuwa na nyimbo za alfajiri, akina mama wakicheza njiani na mkeketaji, omosari, akijulikana na kijiji kizima. Makanisa yalipoyalaani haya kuwa ya kipagani, na sheria za 2001 na 2011 zilipoyafanya jinai, kisu kilihamia chumbani usiku, mara nyingi mkononi mwa muuguzi mwenye glavu na dawa ya ganzi. Gusii ikawa mahali panapotajwa kwanza nchini pakizungumzwa ukeketaji unaofanywa na wahudumu wa afya. Mzazi wa aina hii hujiona ameitii afya na mila kwa pamoja, na mchungaji asiposikia nyimbo hana la kuuliza.

Kwa hiyo juhudi za karibuni zimebadili njia. Shirika la misaada la Waadventista, ADRA, limefanya kazi Nyamira na Kisii kwa kuwapa wasichana mafunzo na hafla ya kuhitimu bila kukatwa. Mosocho, ambako mabruda wa shirika la Kikatoliki la CMM walijenga shule inayobeba jina la Kadinali Otunga, pamekuwa kitovu cha mradi wa Fulda-Mosocho ulioanza 2002 kwa ushirikiano na Wajerumani. Kupungua kwa pointi 19 za asilimia katika miaka 13 si kidogo, ingawa kwa msichana anayepelekwa chumbani Desemba hii hakumsaidii.

Uchawi na wafu

Mei 2008 wazee kadhaa walichomwa moto wakiwa hai katika vijiji vya Kisii, wakituhumiwa uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa vivyo hivyo Marani. Makanisa yote yalilaani. Tofauti iko chini ya laana hiyo, katika kile kila dhehebu linachoamini kuhusu omorogi, mchawi, na kuhusu wafu.

Waadventista hufundisha kuwa wafu hawajui lolote hadi ufufuo. Mzimu wa babu unaodai mbuzi ni hila ya Shetani, na omoriori, mfichuaji wa hirizi, anafanya kazi ya Shetani huyo huyo. Wakatoliki huwaombea marehemu misa, jambo linaloacha mlango kati ya walio hai na waliokufa ukiwa wazi kidogo, na wazee wengi wameuona huo kuwa karibu na mila yao. Wapentekoste huliamini pepo kama jambo la kila siku na hulikemea kwa sauti kubwa hadi usiku wa manane. Hapa pana hatari inayostahili kusemwa wazi: mhubiri anayetangaza kwamba ugonjwa wa mtoto una mtu nyuma yake, hata asipomtaja, ameshawaelekeza vijana wa kijiji kwa bibi kizee anayeishi peke yake. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba. Kisii ina watu wanaokaribia 1,000 katika kila kilomita ya mraba, na mjane asiye na mwana anashika ardhi ambayo wengine wanaihesabu.

Ndoa, uzazi na vinywaji

Katika ndoa za wake wengi misheni zote zilikuwa ngumu: mume aliyetaka ubatizo aliambiwa abaki na mke mmoja, na mzigo ukawaangukia wake walioachwa. Kuhusu uzazi wa mpango Kanisa Katoliki hukataa njia za kisasa, na mwaka 1996 Kadinali Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu jijini Nairobi. Waadventista na Walutheri huwaachia wanandoa waamue. Watu wa Gusii wenyewe wameamua kwa kutazama mashamba: mwaka 2014 wastani ulikuwa watoto 3.7 kwa mwanamke Kisii na 3.5 Nyamira, Wakatoliki wakiwemo.

Pombe ni haramu kabisa kwa Msabato, na mafundisho yake ya afya huonya pia juu ya chai na kahawa. Yanaonya katika milima inayoishi kwa mazao hayo mawili, ambako ada ya shule hutoka viwanda vya chai vya Nyansiongo, Kebirigo, Ogembo au Kiamokama. Waumini wengi hukuza chai na huinywa, na wachungaji hawalisukumi sana jambo hilo.

Wanawake madhabahuni

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya, lililoanzia Itierio kwa Waswidi na kujenga chuo chake cha theolojia Matongo, Nyamira, limepata sifa duniani kwa suala moja. Askofu wake mkuu wa wakati huo, Walter Obare, alisafiri Februari 2005 hadi Gothenburg akamweka wakfu askofu Arne Olsson kwa ajili ya Waswidi wanaopinga upadirisho wa wanawake, dhidi ya matakwa ya Kanisa la Uswidi. Kanisa lililozaliwa na misheni likaenda kumrudi mzazi wake. Waadventista walipopiga kura San Antonio mwaka 2015 kama kila eneo la dunia liamue lenyewe juu ya wachungaji wanawake, hoja ilianguka kwa 1,381 dhidi ya 977. Vijijini Gusii wanawake ndio wanaojaza makanisa, wanaofundisha watoto na kupika kwenye makambi ya ibada ya Agosti. Mimbari ya uongozi ina wanaume.

Siasa za taifa

Wakati wa chama kimoja na baada yake, maaskofu Wakatoliki na baraza la kitaifa la makanisa, NCCK, walisema dhidi ya serikali kwa nyaraka na mahubiri, hasa ghasia za kikabila za 1992 zilipofika mpaka wa Gusii na Sotik. Uongozi wa Kiadventista haukuwa miongoni mwa sauti hizo. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, Kanisa Katoliki na NCCK walipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na mahakama za kadhi, lakini zaidi ya asilimia 90 ya wapigakura wa mkoa wa Nyanza, Gusii ikiwemo, waliikubali. Maaskofu hawakuwa wameonyeshwa waziwazi hivyo mpaka wa mamlaka yao.

Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, soko la Chepilat mpakani liliteketea, Wagusii na Wakipsigis wa kanisa moja wakiwa pande mbili za moto. Februari mwaka huo NCCK iliomba radhi kwa kuegemea upande. Mwaka 2021 Waanglikana na Wakatoliki waliwakataza wanasiasa kuhutubia kanisani, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha michango ya Rais. Katika Gusii katazo hilo huishia kwenye ua wa kanisa. Mazishi hufanyika bomani, kaburi likichimbwa kando ya nyumba, na mara mhubiri anapofunga Biblia kipaza sauti hupokewa na mwakilishi wa wadi, kisha mbunge, kisha gavana, watu wakingoja juani kwa saa nyingi kabla ya udongo wa kwanza kutupwa.